12 kwa 11

Usiku wa tarehe 10 Agosti 2016 nilikuwa nimekaa juu ya kreti la soda ndani ya kibanda cha zamu, kwenye mlango wa bweni letu mjini Kursk, Urusi. Mwaka wangu wa tatu wa udaktari ulikuwa umekwisha. Wenzangu wengi walishakwenda makwao likizo, na sisi tuliobaki tulikuwa wale ambao nauli ya ndege haikupatikana. Bibi wa zamu, ambaye Warusi humwita dezhurnaya, alikuwa mama wa miaka sabini na ushei. Wanafunzi wote tulimwita babushka, yaani bibi, naye akatuita wajukuu. Kibandani mwake mlikuwa na runinga ndogo juu ya friji, birika, mfuko wa mbegu za alizeti, na daftari kubwa la jalada la bluu aliloandikia nani katoka, nani karudi, na saa ngapi.

Nilikuwa nimeshuka kuomba maji ya moto. Akanisogezea kreti kwa mguu.

"Kaa. Leo anacheza wetu."

"Wetu nani, bibi?"

"Inna. Wa Kurchatov."

Nilidhani "wetu" maana yake Warusi. Siku zile neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu, tena kwa uchungu, kwa sababu kashfa ya dawa za kuongeza nguvu ilikuwa imewafungia nje ya Olimpiki ya Rio wanamichezo wa Urusi zaidi ya mia moja. Lakini bibi hakuwa na maana hiyo. Kurchatov ni mji ulio kilomita arobaini hivi magharibi ya Kursk. "Wetu" wake alikuwa ni mtu wa pale njiani, mtoto wa jirani.

Ndivyo nilivyoanza kumfuata Inna Deriglazova, mchezaji wa vitara, yaani mchezo wa kushindana kwa panga, na sijaacha mpaka leo.

Kabla ya fainali kulikuwa na pambano la medali ya shaba, na hapo kibanda kikagawanyika. Upande mmoja alisimama Aida Shanaeva, Mrusi wa Ossetia Kaskazini, bingwa wa dunia wa 2009. Upande wa pili Ines Boubakri wa Tunisia. Nilikuwa sijui kanuni hata moja ya mchezo wa vitara, lakini nilipoiona ile bendera nyekundu yenye mwezi na nyota nilijikuta nimesimama. Bibi akaniangalia kwa juu ya miwani.

"Unakula mbegu zangu, halafu unamshangilia huyo?"

"Huyo ni dada yangu, bibi. Kwao ni Afrika."

Boubakri akashinda 15 kwa 11, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupata medali ya Olimpiki katika vitara. Nilishangilia mpaka mtu wa ghorofa ya kwanza akagonga bomba. Bibi akatema ganda mkononi, akasema, "Kapiga vizuri." Kisha akaninyamazisha kwa kidole, maana Inna alikuwa anaingia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, niseme kidogo, kwa sababu bila hili huwezi kuelewa kwa nini nampenda huyu dada. Vitara vina silaha tatu: foili, epe na sabre. Inna ni wa foili. Ni upanga mwembamba usiozidi sentimita 110 kwa urefu, na uzito wake hauruhusiwi kufika gramu 500. Haukati. Unachoma kwa ncha tu, na ncha ina kitufe chenye springi ambacho lazima kibonyee sawasawa ndipo taa iwake. Mahali panapohesabiwa ni kiwiliwili: kifua, tumbo, mgongo. Mchezaji huvaa juu yake koti lililofumwa kwa nyuzi za chuma. Ukigusa penyewe inawaka taa ya rangi, nyekundu au kijani. Ukigusa mkono, mguu au kichwa inawaka nyeupe, mchezo unasimama, na hakuna aliyepata.

Kinachowachanganya wageni ni pale taa mbili za rangi zinapowaka pamoja. Nani kapata? Mimi nililielewa siku nilipolifananisha na malumbano ya washairi wa kwetu pwani. Mmoja akianza kutoa shairi, neno ni lake. Mwenzake hawezi tu kumwaga beti zake juu ya beti za mwenziwe kisha akadai kashinda. Lazima kwanza alipokee neno, alifungue, alizime, ndipo ajibu. Kwenye foili kulipokea neno ni kuukinga upanga wa mwenzio kwa upanga wako. Ukishakinga, neno limehamia kwako, sasa jibu. Naye akilikinga jibu lako, limerudi kwake. Yote hayo yanapita kwa muda wa kufumba na kufumbua, na mwamuzi ndiye anayetamka neno lilikuwa la nani. Kwa hiyo mchezaji wa foili hapigani na mtu mmoja tu. Lazima hoja yake isomeke, mwamuzi aione.

Fainali ilikuwa dhidi ya Elisa Di Francisca wa Italia, bingwa wa Olimpiki ya London. Ukitaka kujua uzito wa jambo lile, tazama nyuma. Tangu mwaka 2000 dhahabu ya foili ya wanawake, mmoja mmoja, ilikuwa haijatoka mikononi mwa Waitalia: Valentina Vezzali aliichukua Sydney, Athens na Beijing mfululizo, kisha Di Francisca akaipokea London, ambako majukwaa yote matatu yalikuwa ya Italia. Na kwa upande wa Urusi, ukihesabu pamoja na enzi za Usovieti, mwanamke wa mwisho kuipata alikuwa Elena Belova huko Mexico mwaka 1968. Miaka 48. Bibi alikuwa anaikumbuka. Alisema mwaka ule alikuwa na mtoto mchanga na redio.

Pambano ni vipindi vitatu vya dakika tatu tatu, au mpaka mtu afike 15. Usiku ule hakuna aliyefika 15. Nilichokiona mimi, nisiyejua kitu, ni mwanamke anayerudi nyuma. Anarudi nusu hatua, nusu hatua, magoti yamekunjwa, ncha ya upanga inatikisika kidogo kama pua ya paka anayenusa, na ghafla si mwenye kurudi tena. Di Francisca alimfuata mpaka mwisho wa ulingo mara nyingi. Nilikuwa nafumba macho na bibi ananipiga goti nifumbue. Ilipoisha ilikuwa 12 kwa 11.

Mguso mmoja. Inna akavua barakoa na kupiga ukelele ambao runinga ile ndogo haikuweza kuubeba, ukatoka kama mkwaruzo. Baadaye Di Francisca alikuja na bendera ya Umoja wa Ulaya mikononi, kwa ajili ya miji iliyoshambuliwa na magaidi, nikaona naye ni mtu mkubwa. Bibi hakushangilia. Alichukua kalamu, akafungua daftari la zamu, na chini ya jina la mwanafunzi wa mwisho kuchelewa akaandika 12:11.

Februari iliyofuata nilipanda basi kwenda Kurchatov. Sikuwa na shughuli huko. Nilitaka tu kuona mahali.

Mji ule ni mdogo, watu elfu arobaini hivi, na umri wake haufikii wa mama yangu. Ulianzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya wajenzi wa mtambo wa nyuklia wa Kursk, ukapewa jina la Igor Kurchatov, mwanafizikia aliyeongoza mradi wa bomu la atomiki la Usovieti. Wakati ule mtambo ulikuwa na vinu vinne vya aina ile ile ya Chernobyl. Unauona kabla ya kuuona mji: maboma meupe marefu, mabomba, na nyaya za umeme zinazopita juu ya barabara kama kamba za kuanikia. Kando ya Mto Seim kuna ziwa la kuchimbwa la kupoozea mitambo. Siku ile baridi ilikuwa nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, lakini upande yanakotokea maji ya mtambo ziwa halikuganda. Lilikuwa linatoa mvuke. Wazee wameketi ukingoni na ndoano, wamejifunika blanketi, na mvuke unawapitia.

Kituo cha basi niliwaona wasichana wanne wa miaka kumi hivi, kila mmoja na begi refu jembamba lenye magurudumu. Nilijua kilichomo. Mmoja alikuwa amefunga plasta kwenye kidole gumba na anaibandua kwa meno. Hawakuwa wakizungumza habari za Olimpiki. Walikuwa wakigombana kuhusu nani alikula biskuti ya nani.

Inna, aliyezaliwa Machi 1990, alikuwa mmoja wa watoto kama hao, na hakuwa wa kwanza. Kabla yake mji huo huo ulimtoa Evgenia Lamonova, aliyekuwemo kwenye timu ya Urusi iliyochukua dhahabu ya foili Beijing mwaka 2008. Mji wa mafundi umeme unapataje mabingwa wawili wa Olimpiki wa mchezo ambao duniani kote unahesabiwa kuwa wa watu wenye fedha? Nadhani jibu ni watu waliokubali kubaki. Urusi ilirithi kutoka Usovieti shule za michezo za watoto, ambako mtoto wa fundi na mtoto wa mhandisi wanaingia ukumbi mmoja baada ya masomo, na majira ya baridi yenyewe ni marefu, mtoto hana pa kwenda. Lakini ukumbi bila mwalimu ni ghala tu. Kurchatov ilimpata Ildar Mavlyutov, kocha aliyemlea Inna mpaka kileleni, na jina lake ndilo lililokuwa likitajwa kila Inna alipotajwa. Napenda sana habari za mabingwa ambao ukimuuliza mtu jina lao anakutajia na la mwalimu.

Niliporudi bwenini nilimsimulia dada yangu kwa simu, kule Tanga, kisha nikamtumia video ya ile 12 kwa 11. Na hapa lazima nimweleze dada, kwa sababu sehemu kubwa ya mapenzi yangu kwa Inna inatokana naye.

Dada amezaliwa mwaka ule ule wa 1990. Alikuwa mchezaji wa netiboli, beki, yule anayevaa GD, na alifika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Mwaka 2009 alikuwa kidato cha tano akapata ujauzito. Shule ikamwondoa, na nyumbani ikasemwa basi, ndiyo imekwisha. Hakuna aliyesema kwa ukali. Ilisemwa kwa upole, kama mtu anavyokunja mkeka. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Inna alijifungua binti yake, Diana, mwaka huo huo wa 2009, akiwa na miaka hiyo hiyo kumi na tisa.

Kila alichokishinda kama mtu mzima kimekuja baada ya hapo. Miaka mitatu baadaye alikuwa London, na timu yake ikapata medali ya fedha nyuma ya Waitalia. Mwaka 2015 mashindano ya dunia yalifanyika Moscow, akachukua ubingwa mbele ya watu wake kwa kumshinda Shanaeva, Mrusi kwa Mrusi. Aprili 2016 timu ya Urusi ikatwaa ubingwa wa dunia, kisha Agosti ikaja Rio. Mwaka 2017, Leipzig, bingwa tena, safari hii dhidi ya Alice Volpi wa Italia. Mwaka 2019, Budapest, mara ya tatu, dhidi ya Pauline Ranvier wa Ufaransa, na timu nayo ikashinda. Mwanamke mwenye ubingwa wa dunia mara tatu na dhahabu ya Olimpiki, na alipoanza kuupata wa kwanza binti yake alikuwa amefikia umri wa kuanza shule.

Nilimtumia dada haya yote kwa maandishi marefu, kwa furaha, nikitegemea atafurahi kama mimi. Alijibu kesho yake, mstari mmoja: "Huyo mtoto alikuwa anashikwa na nani?"

Nilisoma mstari ule nikiwa kwenye foleni ya kantini, na ilibidi nitoke kwenye foleni. Kwa sababu kwetu nilijua jibu. Mama alikuwa sokoni tangu alfajiri, baba hakuwa akisema na dada, nami nilikuwa na miaka kumi na tano, nimelala bweni shule nyingine. Hakuna aliyemshika mtoto hata saa mbili za mazoezi. Watu husema juhudi, nami siidharau juhudi, lakini nyuma ya kila mazoezi ya mama mwenye mtoto kuna mikono ya mtu mwingine imembeba mtoto huyo, na mikono hiyo haipandi jukwaani.

Swali jingine alilouliza dada lilikuwa kama mchezo wenyewe unaua. Nilimjibu ukweli. Mwaka 1982, Roma, bingwa wa Olimpiki wa foili Vladimir Smirnov, Msovieti kutoka Kyiv, alikuwa akicheza na Matthias Behr wa Ujerumani Magharibi. Upanga wa Behr ukavunjika, na kipande kilichobaki kikapenya wavu wa barakoa. Smirnov alifariki siku chache baadaye. Kutokana na kifo kile barakoa zikaimarishwa, nguo zikaanza kufumwa kwa nyuzi ngumu zaidi, na panga zikatengenezwa kwa chuma kisichovunjika kirahisi. Kila mtoto anayecheza leo, wale wanne wa kituo cha basi wakiwemo, analindwa na kilichomkuta mtu huyo.

Sasa niseme kuhusu umaarufu, maana watu huniuliza: alikuwa anajulikana kiasi gani huko kwao?

Kwa wiki mbili, sana. Baada ya Rio dhahabu moja ilikuwa na zawadi ya rubli milioni 4 kutoka serikalini, na washindi waliitwa Kremlin wakakabidhiwa magari ya BMW. Vitara ndivyo vilivyoiokoa heshima ya Urusi mwaka ule: dhahabu 4, fedha 1 na shaba 2, kuliko nchi yoyote nyingine katika mchezo huo. Halafu magoli ya hoki yakaanza, wacheza dansi ya barafu wakarudi kwenye runinga, na ukimtaja Inna kwa dereva wa teksi wa Moscow ungelazimika kueleza. Niliona kwa macho yangu katika miaka yangu huko: mchezo mdogo unapewa sherehe kubwa mara moja kwa miaka minne, katikati unaachiwa wenyewe.

Lakini wenyewe wapo, na kwao mtu hasahauliki. Binti mmoja Mrusi wa darasa letu, aliyecheza foili utotoni na kuacha, aliweza kukaa mezani na kijiko akanionyesha mkono wa Inna unavyokinga, kidogo tu, kwa vidole bila bega, kisha anasema, "Tazama, hapa wote tunafanya kubwa mno." Alikuwa ameacha mchezo miaka sita iliyopita. Mimi umaarufu wa namna hii ndio ninaouamini: mtu mwingine kukubeba katika vidole vyake.

Na umaarufu wa bendera niliuona ukivunjika. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na mwezi uliofuata wachezaji wa Urusi na Belarusi wakazuiwa kwenye mashindano ya kimataifa. Mwaka 2023 mlango ukafunguliwa nusu, waje mmoja mmoja bila bendera wala wimbo. Julai ile, Milan, Olha Kharlan wa Ukraine alimshinda Mrusi katika sabre, akamnyooshea upanga badala ya mkono, na akaondolewa mashindanoni kwa kukataa kupeana mkono. Nilitazama nikiwa zamu ya usiku wodini, na nilikuwa upande wa Kharlan kabisa. Mtu ambaye mji wake unapigwa makombora hawezi kudaiwa kiganja. Kamati ya Olimpiki ikampa nafasi ya kwenda Paris, akatoka huko na medali. Katika vitara vya Paris hakukuwa na Mrusi hata mmoja. Nakubali sababu yake. Na wakati huo huo niliwafikiria wale wasichana wanne, ambao sasa wangekuwa na miaka kumi na saba au kumi na minane.

Paris hiyo hiyo Alexandra Ndolo, mzaliwa wa Ujerumani mwenye baba Mkenya, alicheza epe akiwa amevaa rangi za Kenya, Mkenya wa kwanza kufika Olimpiki katika vitara. Nilimtumia bibi wa zamu picha. Tunaandikiana bado, yeye kwa sauti, mimi kwa maandishi. Akajibu: "Huyu naye dada yako?" Nikamwambia huyu ni jirani kabisa. Siku chache baadaye, Agosti 2024, vita vikavuka mpaka vikaingia mkoa wa Kursk, na mkuu wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki akaenda mpaka Kurchatov kuukagua ule mtambo, maana mapigano yalikuwa yameukaribia. Nilipoliona jina la mji kwenye habari nilifikiria ziwa na mvuke na wazee wenye blanketi. Bibi yuko salama, kwa mpwa wake, Voronezh.

Tokyo nimeiacha makusudi mpaka hapa.

Julai 2021 nilikuwa likizo Tanga. Olimpiki ilicheleweshwa mwaka mzima kwa ajili ya korona, na ilichezwa kumbi tupu. Urusi ilikuwa kifungoni kwa kashfa za dawa, kwa hiyo wachezaji wake walivaa jina la kamati yao ya Olimpiki tu. Tarehe 25 Inna alifika fainali tena, mwanamke wa kwanza katika orodha ya dunia, miaka thelathini na moja. Mpinzani wake Lee Kiefer wa Marekani, mwanafunzi wa udaktari kama nilivyokuwa mimi. Tulitazama kwa simu yangu iliyoegemezwa kwenye mtungi wa maji. Dada alikuwa anakanda unga wa chapati za jioni, mwanawe wa miaka kumi na mbili amelala kifudifudi sakafuni mbele ya simu.

Ilikuwa 15 kwa 13, na safari hii iligeuka kwa upande wa pili. Kiefer alikuwa anaruka kutoka mbali kama mshale na kila Inna alipomkaribia alikuwa ameshaondoka. Ilipoisha nilitaka kuzima simu. Dada akasema, "Acha. Nataka kumwona anavyotoka." Inna alivua barakoa, akampa Kiefer mkono, akatoka. Dada akarudi kwenye unga.

Siku nne baadaye yalikuwa mashindano ya timu. Hapo watatu wa upande mmoja hupokezana na watatu wa upande mwingine, mizunguko tisa, hadi 45. Inna na Larisa Korobeynikova walikuwa wale wale wa fedha ya London, sasa wakiwa na vijana wawili, Marta Martyanova na Adelina Zagidullina. Nusu fainali walikutana na Marekani, kwa hiyo Kiefer tena, na wakapita. Fainali ilikuwa na Wafaransa, waliowatoa Waitalia. Dada hakuwa anakanda siku ile. Alikuwa ameketi karibu, magoti yamegusa mtungi.

Ilikwenda 45 kwa 34. Kwenye jukwaa medali zililetwa kwenye sinia, kwa sababu ya korona, wakavishana wenyewe kwa wenyewe. Badala ya wimbo wa taifa ilipigwa piano ya Tchaikovsky. Mpwa wangu akauliza mbona hawaimbi. Nikaanza kumweleza, lakini mama yake alikuwa amechukua simu mkononi na anarudisha video nyuma kwa kidole, anarudisha tena, kwenye mzunguko mmoja wa Inna, pale anaporudi nyuma nusu hatua, nusu hatua.

"Huo upanga una urefu gani? Chuma chenyewe, bila mpini."

"Sentimita tisini."

"Tisini." Akaweka simu chini. "Netiboli beki anatakiwa asimame sentimita tisini kutoka kwa mwenye mpira. Ukisogea ndani ya hapo, faulo. Nilikuwa naijua tisini yangu gizani."

Akasimama, akasukuma mtungi kwa mguu, akamwambia mwanawe asimame mbele yake. Akainua mikono, akakunja magoti, na akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, nusu hatua, nusu hatua, macho kwenye kifua cha mtoto. Kijana alipojaribu kumpita kushoto, alikuta mkono umeshafika.